Moto Uliokuja kwa Miguu

Nianze na aibu yangu, ili kama ni kunicheka unicheke mapema tumalizane. Mwezi uliopita, mimi mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwenye magoti yanayolia kama mlango wa ghala, nilipanda bodaboda huku nimepakata chungu cha makaa ya moto. Kijana wa bodaboda sikumwambia kilichomo. Nilikifunika chungu kwa kawa, nikakifunga kanga, nikasema ni mboga. Hata darajani hatujafika, kijana akaanza kunusa.

"Bibi, mbona mboga yako inaungua?"

"Wewe tazama barabara," nikamjibu.

Kwenye tuta la pili chungu kiliruka, kaa moja likatoka, na yaliyofuata sitayasimulia yote. Itoshe kusema kwamba kiti cha pikipiki kina tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa, kanga yangu ina tundu la ukubwa wa sahani, na kijana yule siku hizi akiniona njiani huniamkia shikamoo akiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa utaniuliza nilikuwa naupeleka wapi moto, tena mimi, ambaye unanijua. Mimi si mtu wa safari. Nikienda Ngamiani kununua pilipili manga huaga nyumba nzima kama ninakwenda Hija, na kabla ya adhuhuri nimekwisha kurudi, nimekaa pangu, nauliza nani kahamisha kigoda changu. Basi nikwambie: nilikuwa naurudisha moto kwa wenyewe. Nimekaa nao tangu nikiwa mtoto wa miaka minane, nimeulisha kuni asubuhi na jioni, nimeukatalia watu na safari kwa ajili yake. Na haukuwa wetu.

Kwetu kwa zamani, ambako leo huwezi kukuona hata nikikushika mkono, kulikuwa kaskazini ya Tanga, kando ya njia ya kwendea Horohoro, mahali ambapo ardhi huanza kupanda kidogo na upepo wa bahari unafika umechoka. Sisi Wadigo wa pale tulikuwa nyumba thelathini na kitu, na kila nyumba ilitazama inakotaka. Moja ilimpa jirani mgongo kwa sababu ya ugomvi wa jogoo. Wenye ugomvi walikwisha kupatana, wakaoleana watoto, lakini nyumba haikugeuka. Ukipita asubuhi ungesikia mbuzi za nazi zikikwaruza kila ua, na ungesikia harufu ya makumbi yaliyolowekwa mtoni, harufu mbaya kweli, ambayo leo ningelipa nauli ya kwenda na kurudi ili niinuse tena. Juu ya mapaa kulianikwa makopa ya muhogo, meupe, na kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuyafukuzia kuku. Nilikuwa hodari katika kazi hiyo kwa sababu ilifanywa kwa kukaa.

Moto wa kijiji ulikuwa jikoni kwa bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea. Usinielewe vibaya, kila nyumba ilikuwa na mafiga yake, lakini moto wa nyumba yoyote ukizimika hawakuuwasha upya. Walikuja kwa bibi na kifuu, wakachukua kaa. Bibi aliwapa kaa na habari, na mara nyingi habari zilikuwa na moto zaidi. Wazee walisema ule ulikuwa moto mmoja tu, uliotoka na watu wetu walipotoka kwenye kaya, kile kijiji cha zamani cha mababu msituni, na tangu hapo ukapokewa mkono kwa mkono. Bibi aliupokea kwa mama mkwe wake. Nyumba mpya ikijengwa, haihesabiwi kuwa nyumba mpaka moto huo uingie, na anayeubeba kuingia nao ni mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mwenye moto. Wenzangu wote walizaliwa kwa wajomba zao. Mimi mama yangu alishikwa na uchungu akiwa anakuna nazi kwa bibi, nikazaliwa papo hapo, jikoni, karibu na mafiga. Bibi alipenda kusema ndiyo maana siondoki.

Mkonge ulikuja polepole. Shamba lilikuwa mbali, tulilisikia tu, ile mashine ya kuchakata majani iliyonguruma kutwa. Kisha kila mwaka mistari ikasogea. Siku moja tukaona bendera nyekundu zimechomekwa katikati ya muhogo wetu. Tulizing'oa tukachezea harusi, mimi nikiwa bibi harusi. Zikachomekwa tena. Baadaye akaja karani na jumbe, watu wakakusanywa, karani akasoma karatasi: ardhi inatakiwa na shamba, wenyeji watapewa makao mapya yenye nyumba tayari, kisima na barabara. Mzee mmoja akauliza, "Na makaburi je?" Karani akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Bibi hakulia. Alitwanga siku tatu mfululizo, akafunga vitu vyake katika majamvi, akafunga na mafundo ambayo wanaume wawili walishindwa kuyafungua. Watu walipoanza kuita siku ile siku ya kuhama, aliwakatiza. "Tunakwenda kukaa tu," alisema. "Kuhamia ni mpaka moto ufike."

Lori la shamba lilikuja asubuhi, katika mwezi wa mvua za vuli. Wanaume waliing'oa milango kwanza, kwa sababu mlango ulikuwa mbao na mbao ilikuwa mali, kisha wakapakia vinu, majamvi, vitanda vya kamba, matenga ya kuku na wazee. Bibi akapanda na chungu chake cha moto. Dereva akateremka, akachungulia, akashika kichwa.

"Mama, lori hili lina petroli. Na huko juu kuna magodoro ya sufi na makuti. Moto haupandi."

"Basi na mimi sipandi."

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwisho ikaamuliwa kwamba bibi, ambaye miguu ilikuwa imevimba, atangulie na lori, na moto utembee. Yaani nitembee nao mimi. Shangazi yangu angefuatana nami. Bibi alinipa chungu, kilichokuwa kimevunjika mdomo, ndani yake jivu, na juu ya jivu kumbi la nazi linalofuka. Akanifunga furushi la makumbi makavu kiunoni. Alinipa masharti: nisikimbie, nisikitue chini, kila kumbi likikaribia kuisha niongeze jingine, na nisigeuke nyuma. Kisha akapanda lori, akakalia mlango wetu, nao ukaondoka ukitazama juu kama mtu aliyelala chali.

Shangazi alikuwa na mtoto mgongoni na beberu kwenye kamba. Yule beberu hakukubali kuhamishwa. Tulipofika kwenye mkonge alikata kamba akarudi alikotoka, na shangazi akamfuata huku akimtukana ukoo wake. "Wewe nenda," aliniambia. "Fuata reli ndogo ya shamba. Nitakukuta."

Nikawa peke yangu. Njia ilipita katikati ya mkonge, mistari kulia, mistari kushoto, kila mmea umeinua majani yake kama mtu anayekutishia visu. Nilitembea vizuri kabisa. Niliongeza kumbi, nilipuliza, nilitoa ulimi nje kwa uangalifu. Halafu nikakumbuka jambo. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutoka nyumbani, na sikufunga mlango.

Usiseme kitu. Najua. Nimejisemea mwenyewe mara nyingi kuliko utakavyoweza. Lakini bibi alikuwa amenifundisha tangu najua kutambaa kwamba nyumba haiachwi wazi, mbuzi wataingia, nyoka ataingia. Nikasimama na chungu changu, nikaona nyumba yetu imeachwa wazi. Nikakitua chungu chini kando ya njia, penye kivuli, nikakifunika na jani, nikageuka nyuma nikakimbia. Masharti yote manne kwa mpigo mmoja, ukihesabu na kumbi ambalo sikuongeza.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imesimama na tundu mahali pa mlango. Nilikuwa nimeuona ukipakiwa. Nilikuwa nimemwona bibi akiukalia. Hata hivyo nilisimama pale nikitafuta kitu cha kufunga, na mwisho nikachukua ukuti mmoja nikauegemeza kwenye tundu, nikahisi nimefanya kazi yangu. Ndani palikuwa panasikika, sijui nikwambieje, kama mtu aliyeacha kuongea ghafla ulipoingia. Mafiga matatu yalikuwa bado yapo na alama nyeusi katikati. Shangazi na beberu wake sikuwaona. Sikukaa.

Kurudi kwenye chungu nilimkuta kuku. Alikuwa mmoja wa kuku wetu, yule mwekundu, aliyechomoka kwenye tenga lori liliporuka. Kuku anapenda jivu, anaoga ndani yake kama sisi tunavyooga maji. Alikuwa amekipindua chungu, amechakura kila kitu kwenye udongo uliolowa kwa mvua ya jana, naye amelala ubavu katikati, anajirushia jivu la wazee wangu mgongoni, macho amefumba kwa raha. Makaa yalikuwa meusi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Nililishika moja kwa mkono. Lilikuwa baridi.

Najua hofu za watoto ni kubwa kuliko sababu zake. Hii haikuwa hivyo. Nilijua huko mbele nyumba thelathini na kitu zilikuwa zimekaa bila moto zikinisubiri, watoto wenzangu hawajala, na bibi yangu amekaa nje na hataingia. Nilijua pia kwamba watu wakisikia umezimikia mkononi mwangu, mimi niliyezaliwa jikoni, nitakuwa yule aliyeuzima mpaka nizeeke. Nilimkamata kuku, nikamtia kwapani, nikaokota chungu, nikaanza kutembea kufuata reli huku nalia kwa sauti, na kuku ananijibu.

Reli ilipita kambini, kwenye makazi ya manamba, wale wafanyakazi walioletwa kutoka bara kukata mkonge. Nyumbani tulikatazwa kwenda huko. Mwanamke mmoja alikuwa nje ya chumba chake anapika, msalaba mdogo umening'inia shingoni, mtoto anatambaa karibu yake. Chini ya sufuria yake makaa yalikuwa mekundu, mazuri, ya magogo. Nikasimama. Aliniangalia, akakiangalia chungu, akamwangalia kuku.

"Unauza?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao, kizito, kila neno limewekwa chini kama mzigo.

Nikatikisa kichwa. Nikamwambia naomba moto. Nilijaribu kueleza, habari ya kaya, ya bibi, ya mlango, ikawa mchanganyiko wa makamasi. Sidhani kama alielewa hata nusu. Alichukua vijiti viwili, akanitilia makaa matatu juu ya jivu lililobaki, na mimi nikafungua furushi langu nikaweka kumbi juu, likaanza kufuka vilevile kama lile la kwanza.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Hata mimi wangu ulizimika jana. Niliomba kwa mpishi wa Bwana Meneja."

Unaona sasa. Moto niliobeba kuwapelekea watu wangu ulitoka jikoni kwa meneja yuleyule ambaye shamba lake lilituhamisha. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa lote. Nilimshukuru, nikaondoka, na tangu hatua ile mpaka leo sijatulia sawasawa.

Makao mapya yalikuwa na jina lake kwenye karatasi. Sisi tulipaita Mistarini. Mpima alikuwa amenyoosha kamba, na nyumba zimesimama kama wanafunzi wa gwaride, zote sawa, zote zinatazama barabara, hata zenye ugomvi. Nilipofika jua lilikuwa limeanza kulegea. Watu wote walikuwa nje. Bibi alikuwa amekaa juu ya mlango wetu wa zamani, ambao ulionekana kuwa mpana kwa nyumba mpya na haukuingia. Mbele yake amesimama karani, anajitahidi kuwa mwema, amenyoosha kiberiti.

"Hiki hapa, mama. Washeni, watoto wana njaa."

"Rudisha kiberiti chako mfukoni, mwanangu," bibi alimwambia. "Hicho kinawasha sigara. Nyumba hakiwashi."

Kisha akaniona. Watu wakafungua njia. Nilimpa chungu kwa mikono miwili, kuku bado yupo kwapani. Bibi aliinua kumbi kwa kidole, akatazama ndani. Mtu aliyepika miaka hamsini kwa kumbi na vifuu anajua kaa la gogo likoje. Akanitazama mimi, uso wangu umejaa jivu. Akamtazama kuku, naye amejaa jivu.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Kamfuata beberu."

"Haya," akasema bibi, akasimama, akaingia ndani. Vigelegele vikapigwa. Watu wakapanga foleni na vifuu vyao, na nyumba zote za Mistarini, moja baada ya moja kwenye mstari, zikaanza kufuka moshi. Kuku mwekundu alichinjwa jioni hiyohiyo kwa kushukuru, akaliwa na bada, ugali wetu wa makopa, na mimi kwa kazi yangu nikapewa paja zima. Hivyo shahidi wangu wa pekee nilimla mwenyewe, na chumvi.

Ukitaka kujua maisha ya Mistarini yalikuwaje, yalikuwa ya watu wanaosimama mlangoni. Hakuna aliyekaa. Wanaume walitoka wakatembea hadi mwisho wa mstari, wakarudi. Nyumba zilifanana mno, na bibi hakukubali kujifunza kuitambua yake. Mara nne au tano aliingia kwa jirani wa ukuta wa pili, akaanza kumfokea mama wa nyumba ile kwa kuhamisha vyungu vyake. Yule mama alimkalisha, akampa maji, akamrudisha. Binti yake, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa akinifuata jikoni kuniambia, "Kamchukueni bibi yenu, katuhamia tena." Huyo binti bado ni jirani yangu. Sasa ni mwanamke anayekaribia miaka themanini, na bado hutangaza mambo kwa sauti ileile.

Bibi hakuyafungua majamvi yake mwaka mzima. Ukitaka ungo ilibidi uingize mkono kwa pembeni. Jioni alikaa juu ya ule mlango, ambao uliwekwa barazani kama kiti, na uso wake hakuuelekeza barabarani kama nyumba ilivyotaka. Alikaa upande, akitazama kaskazini.

Na mimi nilikuwa nangoja adhabu. Maji ya kisima kipya yalikuwa ya chumvi: nikajua ni moto. Upepo ukafunua paa la jumbe: ni moto. Baba mdogo akavuka Horohoro kutafuta kazi Mombasa, akaoa hukohuko, hakurudi tena: ni moto, ingawa picha ya mke wake ilitosha kueleza. Kila jambo baya lililotokea kwenye mstari ule nililifuata mpaka jikoni kwetu, nikachuchumaa, nikatazama yale makaa, nikawaza habari za mpishi wa Bwana Meneja. Nikafikiri, kama si wetu, basi angalau usizimike. Kama niliudanganyia mwanzo, nitaulinda mwisho. Bibi aliniona nikichochea saa zote. Hakuniuliza. Siku moja tu alisema, "Uache upumue, mjukuu wangu. Moto haukimbii."

Lakini mimi ndiye nisiyekimbia. Nilipochaguliwa kwenda sekondari nilipangiwa kukaa Ngamiani kwa mdogo wake mama. Kila Ijumaa baada ya masomo nilidandia lori la kwanza kurudi Mistarini. "Wenzio wanakimbilia sinema," mama mdogo alisema, "wewe unakimbilia jivu." Nikamaliza, nikapewa nafasi ya ukarani mbali, Moshi, nikakaa wiki mbili nikaugua ugonjwa ambao daktari hakuuona. Wachumba walikuja. Niliwaambia sharti ni kuhamia kwetu. Watatu waliaga kwa heshima. Wa nne alikuja na begi lake, akanusa jikoni, akauliza kuna nini cha kula, nikajua huyu ndiye. Wenzake walimtania mpaka anakufa kwamba aliolewa. Yeye aliwajibu kwamba angalau anakula chakula cha moto.

Bibi alifariki wakati wa masika, amelala kwenye kitanda chake, majamvi yake mawili bado yamefungwa. Siku za mwisho aliniita. Nilidhani ataniuliza, na nilikuwa nimejiandaa kukiri, nimefanya mazoezi ya maneno tangu utotoni. Alinishika mkono. "Umekula?" akauliza. Nikasema ndiyo. Basi. Nimekaa na swali hilo muda mrefu.

Nimefupisha, maana katikati hapo kuna uhuru, watoto, mvua, misiba, na mambo ambayo wewe unayajua. Mkonge wenyewe ulikufa. Mashine ikanyamaza, na siku ilipoacha kunguruma wote tulitoka nje kuuliza ni sauti gani ile, kumbe ilikuwa kimya. Manamba wakarudi kwao au wakabaki wakawa watu wa hapa. Na Mistarini, amini usiamini, pakawa nyumbani. Wajukuu wangu wakiwa mjini husema wanakwenda kwao, na kwao ni huku kwenye kamba ya mpima. Kwetu kule kwa zamani wao hawana haja nako. Wanakujua kwa jina tu, na jina wenyewe wanalikosea.

Sasa mwaka huu kifua kimeanza kunibana, daktari kasema ni moshi. Binti yangu kaleta jiko la gesi, na wanawe wamepanga kubomoa jiko langu la nje waweke tangi la maji. Nikafikiri siku nne. Uzimike tu hivi, kwa maji ya tangi? Ndipo nikapata wazo la yule mwanamke wa kambini. Niurudishe. Nauweka pale nilipoupata, namshukuru, tumemalizana. Hapo ndipo ikaja ile habari ya bodaboda na mboga.

Tulifika, na tundu zetu. Kambi ni msingi tu wa saruji, umepasuliwa na mipapai. Mkonge umekuwa mwitu, miti yake mirefu ya maua imesimama ovyo, hakuna mstari hata mmoja. Nilijaribu kukisia chumba chake kilikuwa kipi, maana navyo vilikuwa vyote sawa. Nikachagua kimoja. Nikamwaga makaa kwenye saruji, nikakaa karibu, nikamwomba radhi mtu ambaye sikuwahi kumjua jina. Kijana alisubiri kwa mbali na pikipiki yake. "Bibi, ndiyo umekuja kuchoma mkaa huku kote?" Makaa yakawa ya kijivu, yakaisha. Sikwenda kuitafuta nyumba yetu. Nilikuwa nimeshaufunga mlango.

Niliporudi nilimkuta jirani yangu barazani kwangu, amekaa juu ya ule mlango wa zamani, anachambua mchele wake kwa sababu eti kwangu kuna mwanga. Nikakaa. Sijui ni ile kanga iliyotoboka au ni uzee, nikafungua mdomo nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote: kuku, kambi, mpishi wa Bwana Meneja, miaka yote niliyochochea moto wa watu nikiogopa usizimike, sinema, Moshi, wale wachumba watatu. Nilipomaliza nilikuwa nalia kidogo. Yeye hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa uani, akasema:

"Moto gani, shoga? Bibi yako ulimzimikia siku ya tatu tangu tuhamie, ile mvua kubwa, akaja kwetu akaazima kiberiti, mimi mwenyewe ndiye niliyempa mkononi, akatuapisha tusikwambie, eti mtoto kahangaika sana kuutafuta. Na kiberiti chetu hakurudisha."